Mtoto Hajaharibika, Ni Mikono Imepungua

Kuna maneno nimeyasikia hapa Tarbaj mpaka masikio yamechoka: "Huyo mtoto mmemzoesha kubebwa." Wanaoyasema ni watu wazuri, majirani, mama wa heshima zao ambao wamelea watoto nane na wote wako sawa. Wanamwambia dada yangu, kwa sababu mtoto wake wa kwanza hataki kulala chini. Mkeka, hapana. Godoro, hapana. Ukimweka tu, macho yanafunguka kama mtu ameitwa polisi. Ukimwinua, dakika mbili amezima. Mikononi analala kama bosi.

Mimi napinga hayo maneno, na leo naeleza kwa nini. Halafu nina neno na maboi wenzangu, kwa hivyo msikimbie mkidhani hii ni stori ya akina mama.

Kwanza mjue tulivyo nyumbani. Dada alikuja kujifungulia kwetu kwa hooyo, kama desturi. Shemeji yuko Eastleigh, ameajiriwa dukani. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mama apewe miezi mitatu na baba apewe wiki mbili, zote na mshahara. Hilo duka alilopo shemeji, nadhani habari hiyo haijawafikia. Alikuja siku tatu, akambeba mtoto, akapiga picha, akapanda gari la kurudi. Simlaumu. Kodi ya nyumba hailipwi na picha.

Sasa, wale wasio Wasomali labda hamjui afatanbah. Ni zile siku 40 baada ya kujifungua. Mama hatoki nje, hapiki, hachoti maji, anahudumiwa. Nyumba inanukia uunsi, mtoto anafungwa kauzi ka malmal mkononi, supu inakuja, maziwa ya ngamia yanakuja, na zaidi ya yote watu wanakuja. Ayeeyo, habaryar, eedo, binamu wa binamu. Kila anayeingia ananawa mikono na kumchukua mtoto. Kwa siku hizo 40 sikusikia mtu akisema mtoto wetu ana shida ya usingizi. Alikuwa analala vizuri tu, kwa sababu mikono haikuisha. Huyu akichoka anampa yule. Dada yangu alikuwa analala saa tatu, nne mfululizo, anaamshwa anyonyeshe, analala tena.

Siku ya 40 ikafika, sherehe ikafanywa, watu wakala, dua ikasomwa. Siku ya 41 asubuhi nyumba ilikuwa kimya. Habaryar alirudi Wajir mjini, eedo alirudi kwa mbuzi wake, ayeeyo ni mzee na mgongo wake unamsumbua, hooyo akarudi sokoni maana akiba ilikuwa imekwisha. Akabaki dada na mtoto, na joto la hapa mnalijua.

Hapa ndipo nilianza kusoma, kwa data zangu mwenyewe. Mwaka 1962 daktari mmoja Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha utafiti wake ambapo akina mama waliandika kila siku watoto wao wachanga wanalia muda gani. Aligundua kilio kinaongezeka tangu wiki za mwanzo, kinafika kileleni karibu wiki ya sita, kisha kinashuka polepole mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Watafiti wengine wamepima baada yake, na mchoro ni karibu ule ule.

Piga hesabu. Wiki sita ni siku 42. Sisi tunafunga afatanbah siku ya 40. Yaani msaada unaondoka siku mbili kabla ya kilele cha kilio! Halafu mtoto anapolia sana wiki hiyo, watu wanasema amezoeshwa kubebwa. Manze, kilio kilikuwa kinakuja tu. Kilichobadilika ni idadi ya mikono.

Na hili la kuzoesha, wacha tuliangalie vizuri. Mtoto mchanga amekaa miezi tisa mahali penye joto, penye mwendo, penye mapigo ya moyo. Karibu nusu ya usingizi wake ni ule mwepesi, unaona macho yanachezacheza chini ya kope, mdomo unatabasamu, mkono unaruka. Mwaka 2022 timu ya Kumi Kuroda kule Japani ilipima mapigo ya moyo ya watoto wakiwa wamebebwa na wakiwekwa chini. Walichokuta ni kwamba moyo wa mtoto unaanza kubadilika pale mwili wake unapoanza kuachana na wa mama. Bado hajagusa godoro! Kwa hivyo wewe unayelaumu godoro, kununua lingine hakutasaidia sana. Anachokisikia ni kuachwa.

Utafiti mwingine ni wa Montreal, Kanada, 1986. Urs Hunziker na Ronald Barr walichukua watoto 99. Nusu ya akina mama waliambiwa waongeze muda wa kumbeba mtoto kila siku hata kama halii, nusu wakaendelea kama kawaida. Kufika wiki ya sita, waliobebwa zaidi walikuwa wanalia asilimia 43 chini ya wenzao. Niseme ukweli wote: Barr alijaribu tena baadaye kwa watoto ambao tayari walikuwa wanalia kupita kiasi, na kubeba zaidi hakukupunguza kilio. Si dawa ya kila kitu. Lakini katika tafiti zote mbili hakuna palipoonekana kwamba kubebwa kumemharibu mtoto.

Na tusidhani hii ni sayansi ya wazungu kuhusu wazungu. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia anayetajwa kila mahali wakizungumzia mtoto na mama, alianza kutazama watoto Uganda, vijiji vya karibu na Kampala, 1954 na 1955. Baadaye, akiwa Baltimore, yeye na Silvia Bell walionyesha mwaka 1972 kwamba watoto ambao mama zao waliwajibu haraka miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi walipokaribia mwaka mmoja. Kidogo zaidi! Kinyume kabisa cha tunachoambiwa.

Hata hapa Kenya. Charles Super na Sara Harkness waliishi na Wakipsigis miaka ya 1970 mahali panapoitwa Kokwet. Watoto wa Marekani wa miezi minne waliweza kulala kama saa nane bila kuamka. Wa Kokwet walikuwa bado wanaamka usiku hata miezi minane, wananyonya, wanalala tena. Na mama zao hawakuona tatizo, kwa sababu mtoto alikuwa pale pale ubavuni, na mchana alikuwa mgongoni mwa mtu.

Mgongoni mwa nani? Hapo ndipo nataka tusidanganyane na sifa za zamani. Mara nyingi alikuwa mgongoni mwa msichana wa miaka saba, minane. Huku kwetu ni vile vile. Hooyo mwenyewe alibeba wadogo zake wanne, na darasa aliliona kwa mbali. Leo binamu zangu wasichana wako shule, na wakae huko huko. Sitaki hata mmoja arudishwe nyumbani kushika mtoto. Ongeza na ule ukame, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa 2020 hadi 2022. Familia zilizokuwa zinahama pamoja na mifugo zilitawanyika. Huyu yuko kandokando ya mji, huyu Nairobi, huyu hujui yuko wapi. Mikono ile iliyokuwa inapokezana mtoto haikuisha kwa sababu watu wamekuwa wabaya. Imetawanyika.

Lakini kuna mikono haijaenda popote. Maboi.

Wasee, tuongee. Hapa mjini ukipita saa sita usiku utatukuta wapi? Tumekaa nje, simu mkononi, miraa mdomoni, tunabishana kuhusu Arsenal. Usingizi hatuna na mikono tunayo. Na ndani ya nyumba hiyo hiyo kuna dada yako ambaye hajalala tangu juzi. Ukiambiwa ushike mtoto unasema ni kazi ya wanawake, tena wengine mnasema hivyo kwa sauti ya dini.

Haya, ya dini. Hadithi iko kwenye Bukhari na Muslim, imepokewa na Abu Qatada: Mtume, rehema na amani zimshukie, aliswalisha watu akiwa amembeba Umama, mtoto wa binti yake Zaynab. Akienda kusujudu anamweka chini, akisimama anambeba tena. Ndani ya swala! Mjukuu, tena wa kike, mbele ya watu wote. Sasa wewe unaona aibu kubeba mpwa wako mbele ya wasee wanne wa Arsenal?

Mimi nimechukua zamu ya saa nne usiku mpaka saa nane. Wiki ya kwanza niliitwa yaya, nikaitwa mama fulani, nikapigwa picha nimejifunga garbasaar ya dada kifuani na mtoto ndani. Picha imezunguka, sawa. Mtoto alilala.

Nawaambia ninavyofanya, mkitaka mchukue. Akilia, natembea naye dakika tano hivi, mwendo mmoja, bila kusimama na bila kumrusharusha. Hiyo ni ile ile ya timu ya Kuroda. Akishalala siharakishi kumweka. Nakaa naye dakika nyingine tano mpaka nane, mpaka ule mkono uliokuwa umekunja ngumi unalegea. Ndipo namweka, polepole, chali, ndani ya neti, mahali tambarare bila mto wala blanketi zito, na kiganja changu kinabaki kifuani kwake kidogo. Kuna usiku inashika saa moja na nusu. Kuna usiku inashika dakika tatu tunaanza upya. Kwa joto la hapa mnatoka jasho wote wawili, kwa hivyo kitambaa kiwe chepesi, uso wake uwe wazi nje, kidevu kisizame kifuani.

Na sheria moja hatuchezi nayo: ukisikia usingizi, mpe mtu mwingine au mlaze. Usikae kwenye kiti au sofa na mtoto huku unasinzia. Watoto hukosa hewa hivyo, wakibanwa kati ya mtu na mto wa kiti. Sisemi kwa kusoma tu. Siku ya 44 nilirudi nyumbani mchana nikamkuta dada amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la makaa, birika juu, mtoto mapajani, na yeye amelala. Amelala kabisa, kichwa kimeanguka mbele. Mikono ilikuwa imeshaanza kulegea. Nilimchukua mtoto kwanza, halafu nikaondoa birika, halafu nikamwamsha. Alilia kuliko mtoto. Aliniambia, "Walaal, sijui leo ni siku gani." Huyo ndiye mtu tunayemwambia kwamba amemzoesha vibaya.

Kuhusu hilo la kulia: mama akikaa wiki mbili hana raha, hali, hataki hata kumtazama mtoto, au anasema maneno ya kutisha, huo si uvivu na si jicho. Mpelekeni hospitali. Na wewe unayeshika mtoto, ukifika mahali hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje, pumua dakika chache. Kulia peke yake dakika tano hakumdhuru. Kutikiswa kunaweza kumuua. Na kama mtoto wa chini ya miezi miwili ana homa, au amekataa kunyonya, au amelegea, stori ya kubebwa haiko hapo tena. Ni kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku, hata kama ni pikipiki.

Ninachopendekeza si kufuta afatanbah, naipenda. Napendekeza tusiikate siku ya 40 kama kisu. Siku ile ya sherehe, watu wote wakiwa wameshiba na bado wana aibu ya kuondoka, mtu mmoja atoe karatasi: nani anakuja Jumatatu saa mbili za mchana, nani Jumanne, mpaka mtoto afike miezi mitatu. Waume waandikwe pia. Baba aliye mbali atume pesa ya mtu wa kufua na kuchota maji, maana hiyo pia ni mikono. Sisi tuliandika yetu tukiwa tumechelewa, wiki ya saba, nyuma ya daftari la mkopo la hooyo.

Mtoto sasa ana wiki kumi na moja. Bado anapenda kubebwa, lakini juzi alilala chini saa mbili na nusu tukabaki tunamchungulia kila dakika kama ana kitu. Binamu yangu aliyenipiga ile picha amechukua zamu ya Ijumaa. Jumamosi bado iko wazi, na mnajua nyumbani ni wapi.