Alfa ya Shemeji Yaniweka Njia Panda

Jumapili iliyopita shemeji yangu wa Nyegezi alinirushia ufunguo wa Alfa Romeo 156 yake. "Iendeshe kwanza, shemeji, ndipo tuongee bei." Mimi nina hela ya Corolla kuukuu tu, tena nusu yake ni ya kikoba cha mama watoto!

Basi bwana, tukashika barabara ya Usagara kuelekea Kigongo. Lo! Usukani unaugusa kidogo tu, pua imeshaingia kwenye kona, wala gari halilali ubavu kama daladala za Igoma. Gia ya tatu, injini ikaanza kuimba. Juu ya daraja la Kigongo–Busisi, pale tulipokuwa tukisota kungoja kivuko hadi Juni 2025, nikajiona Gabriele Tarquini. Mwitaliano huyo ndiye aliyetwaa ubingwa wa Ulaya wa mbio za saluni mwaka 2003 kwa 156 (iliyotiwa makali ya mashindano lakini, msije mkanishitaki). Mwaka 1994 alishawanyamazisha Waingereza kwao kwa 155.

Wakati wa kurudi, tuta la kwanza tu, tumbo krrr! Nikashika mwendo wa harusi.

Fundi wangu wa Mabatini akafungua boneti, akaguna. Silinda 4, plagi 8! "Bosi, mkanda wa taimingi ukikatika hapa, vali zinagonga pistoni. Na spea utaagiza mbali."

Shemeji bei hashuki. Mama watoto sijamwambia nilikokuwa. Ufunguo ninao mfukoni hadi Jumatano.