Kamera kuukuu za Japani: kwa nini moja ni mali na nyingine ni pambo tu?

Mwaka 2024 yeni ya Japani ilishuka mpaka dola moja ikavuka yeni 160. Kwa mwenye dola, maduka ya kamera za mitumba pale Tokyo yakawa kama yamepunguza bei kwa siku moja.

Kati ya zinazowindwa humo ni renjifainda. Hizi ni kamera ambazo unachungulia kwenye kidirisha, unaona taswira mbili, unazungusha lenzi mpaka ziwe moja. Ndipo unapiga.

Lakini usikimbilie kupekua kabati la babu. Uzee peke yake haulipi.

Yashica Electro 35 ilitoka 1966 na ikauzwa kwa mamilioni. Inapiga picha safi tu, ila imejaa kila kona ya dunia, na betri yake ya zebaki haitengenezwi tena. Ukimkuta mtu mtandaoni anaiita "adimu sana", jua anatafuta wa kumpiga.

Adimu hasa ni Nikon ya kwanza, ya 1948. Japani ilikuwa bado inakaliwa na majeshi ya washindi wa vita, na kampuni ya Nippon Kogaku, iliyozoea kutengeneza vifaa vya kijeshi, ilikuwa inatafuta riziki mpya. Ikaamua picha ziwe za milimita 24 kwa 32, badala ya 36 iliyozoeleka, ili filamu moja itoe picha nyingi zaidi. Hesabu nzuri, sivyo? Kumbe kipimo hicho hakikuendana na slaidi za Marekani, na soko kubwa likafungwa. Kamera zilizotengenezwa hazikufika 1,000. Kilichoiangusha sokoni wakati ule ndicho kinachoipandisha bei leo.

Jina la Nikon lilikuja kupaa 1950, pale David Douglas Duncan wa jarida la Life alipotumia lenzi zake kwenye vita vya Korea.

Kingine kinacholipiwa ni uhalisi. Nikon na Canon nyeusi za kiwandani zilikuwa chache kuliko za rangi ya fedha, ndiyo maana wajanja huzipaka upya. Mkusanyaji makini anaona bora mikwaruzo ya kweli kuliko mng'ao wa juzi.

Sasa kuna kikwazo kipya. Agosti 2025 Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800, na Posta ya Japani ikasitisha kwa muda kupokea vifurushi vingi vya kwenda huko.

Mnunuzi wa Nikon ya 1948 hatatishika. Mwenye pesa hizo atalipa na ushuru juu. Atakayebanwa ni muuzaji mdogo wa Yashica za bei ya chini, ambaye ushuru na nauli vinaweza kumeza faida yote kabla mteja hajafungua boksi.