Njaa Haisikii Mahubiri

Hamu ya kula hutawaliwa na haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo iliyo upande wake wa chini. Sehemu hiyo hupokea taarifa za kikemikali kutoka tumboni, kwenye utumbo, kwenye kongosho na kwenye mafuta ya mwili, kisha huamua kama mtu aone njaa au ajihisi ameshiba. Mwenye mwili haulizwi. Jambo hilo limo katika vitabu vya fiziolojia, ila bado halijapanda mimbarini. Kila Kwaresima inapokaribia, na hata isipokaribia, hapakosekani mhubiri wa kutangaza kwamba unene ni ulafi, ulafi ni dhambi, na dawa yake ni kufunga na kuutiisha mwili. Vipindi vya asubuhi vya redio hurudia yaleyale bila kumtaja Shetani; vyenyewe husema ni kukosa nidhamu. Imani hiyo ni kongwe, inapendwa, na ni ya uongo.

Hoja moja inatosha kuivunja: nidhamu haichomwi kwa sindano. Kama kula kungekuwa suala la tabia peke yake, hamu ya chakula isingepandishwa kwa kidonge wala kushushwa kwa dawa. Lakini hupandishwa na hushushwa, na kidonge hakiulizi anayekimeza ni mcha Mungu au mlevi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka Uingereza. Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza ugunduzi wa leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kuhusu akiba iliyopo. Miaka mitatu baadaye, watafiti wa Cambridge, akiwemo Stephen O'Rahilly, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya leptini. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86; mvulana wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Walilia chakula bila kikomo kwa sababu ubongo wao, kwa kuikosa leptini, ulidhani mwili unakufa njaa. Msichana alipoanza kuchomwa leptini, njaa ilitulia, na katika mwaka mmoja akapungua kilo 16 hivi. Hakuungama, hakuombewa kambini, hakupewa somo la kiasi. Alirudishiwa homoni aliyoikosa. Mhubiri wa ulafi na amtafutie dhambi mtoto wa miaka 2.

Hitilafu ya watoto hao ni adimu, lakini mfumo ulioharibika kwao ndio uliomo katika kila mwili. Wanene wengi wana leptini tele. Ubongo wao ndio usioisikia. Na leptini haifanyi kazi peke yake. Mwaka 1999, Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waligundua ghrelini, homoni ya tumboni inayopanda kabla ya mlo na kushuka baada yake. Mtu akipungua uzito, leptini hushuka na ghrelini hupanda. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu 50 wanene waliopewa mlo mdogo sana kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zao zilikuwa bado zinadai chakula, na wenyewe bado walikuwa na njaa kuliko kabla ya kuanza. Watu wa namna hiyo ndio wanaochekwa mtaani kwamba walijikondesha wakashindwa kuvumilia. Ndio pia wanaouziwa mitandaoni chai za kukata tumbo, na asiyekonda huambiwa hakufuata masharti. Mhubiri na muuza chai ni mtu na pacha wake: wote wawili hawajawahi kukosea, mkosaji ni mteja.

Wanaotaka kuona nidhamu ya kweli ikipambana na njaa wana jaribio la Minnesota, Marekani. Kati ya mwaka 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri, wengi wao wakiwa waumini wa makanisa yanayopinga vita. Walikuwa wamejitolea, wenye afya, na wenye msimamo uliowafanya waitwe waoga na nchi nzima. Kwa wiki 24 walipewa takribani nusu ya chakula walichozoea, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Wanaume hao wa sala walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi na kulamba sahani. Baadhi walikula kwa kuiba. Waliporuhusiwa kula watakavyo, walikula mpaka wakaumwa, na bado wakasema hawajashiba. Kama imani ingeweza kuifunga mdomo haipothalamasi, ingefanya hivyo pale.

Msongo wa mawazo nao hupitia njia hiyohiyo ya homoni. Mshtuko wa ghafla huondoa hamu ya kula, ndiyo maana mtahiniwa huacha chai yake mezani asubuhi ya mtihani. Msongo wa muda mrefu, kama wa kodi ya nyumba, ajira isiyoeleweka au mgonjwa wa kuuguzwa miaka na miaka, huziacha tezi zilizo juu ya figo zikimwaga kotisoli mfululizo. Kotisoli huongeza hamu ya kula, hasa ya vitu vitamu na vyenye mafuta, na huelekeza mafuta kujilimbikiza tumboni. Prednisoloni ni dawa ya jamii ya homoni hiyo. Wagonjwa wengi wa pumu au lupasi wanaoitumia kwa muda mrefu hupata njaa isiyo ya kawaida, na uso huvimba. Hakuna anayewaambia kwamba kidonge kimewatia dhambi.

Jiji la Kinshasa limeshaelewa somo hili bila kufundishwa. Huko wapo wanawake wanaotaka kunenepa ambao humeza deksamethasoni, jamaa mwingine wa kotisoli, pamoja na siproheptadini, dawa ya mzio inayofungua hamu ya kula. Ni desturi ya hatari, kwa sababu deksamethasoni ikitumika ovyo hupandisha sukari na shinikizo la damu. Hata hivyo, mnunuzi wa vidonge hivyo anajua fiziolojia kuliko mwenye kipaza sauti.

Inafaa kusemwa pia kwamba mahubiri haya hayamlengi kila mnene. Kitambi cha mwanamume huitwa cha mafanikio, na mwenye nacho hupewa kiti cha mbele. Mwili wa mwanamke aliyejifungua mara nne, aliyechomwa sindano za uzazi wa mpango ambazo huwanenepesha baadhi ya watumiaji, ndio unaoitwa ulafi.

Usingizi nao huzigusa homoni hizohizo za njaa na shibe. Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 wa kiume saa nne tu kwa usiku, siku mbili mfululizo. Leptini ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda kwa asilimia 28. Kwa hiyo mkesha wa Ijumaa wenye spika za kuamsha kata nzima huwatia njaa majirani, nayo Jumapili hukemewa na spika zilezile.

Mwisho wa mlolongo huu ni dopamini, kemikali ya ubongo inayomsukuma kiumbe kukitafuta anachokihitaji. Mwaka 1995, watafiti wa Seattle walieleza habari za panya waliozalishwa bila uwezo wa kuitengeneza: waliacha kula na kufa, ila walipopewa dawa ya kuirudisha walikula. Kwa binadamu, baadhi ya wagonjwa wa Parkinson wanaopewa dawa za kuiga dopamini huanza kucheza kamari au kula bila kujizuia, na mara nyingi huyaacha mambo hayo dozi inapopunguzwa. Nidhamu yao haikwenda likizo ikarudi. Kilichobadilika ni dozi.

Watetezi wa nidhamu hujibu kwamba mababu hawakuwa na homoni na hawakunenepa. Homoni walikuwa nazo, vinginevyo wasingezaa wajukuu wa kusema hayo. Ambacho hawakuwa nacho ni chipsi mayai kila kituo cha daladala, soda, na bodaboda ya kwenda dukani.

Unene una hatari zake, kisukari na shinikizo la damu zikiwa za kwanza, na ndiyo sababu ya kumpeleka mtu kliniki. Huko hupimwa sukari, shinikizo na tezi ya thairoidi, huulizwa dawa anazotumia na saa anazolala. Dawa ya semaglutidi, inayoiga homoni ya shibe kutoka kwenye utumbo, ilipunguza uzito kwa wastani wa takribani asilimia 15 katika utafiti uliotangazwa mwaka 2021. Walioiacha walirudisha sehemu kubwa ya uzito huo. Kufunga ni ibada na kuna thawabu yake. Si tiba ya homoni, na anayeiagiza kama tiba anapaswa kuulizwa leseni ya udaktari.