Barabara ya Mombo ikifunga, intaneti ya Lushoto inapita wapi?

Jumapili ya Mei 12, 2024, Watanzania wengi walikuwa na bando lakini hawana intaneti. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma kwa siku mbili.

Nyaya zilikuwa mbili, sasa zilikufaje pamoja? Zinapita bahari ileile. Njia mbili zinazotegemea kitu kimoja, kiusalama ni njia moja tu.

Hesabu hiyo inapanda mlima mpaka Lushoto. Mgonjwa wa bima anahakikiwa mtandaoni, mashauri ya mahakama yanafunguliwa mtandaoni, malipo ya serikali nayo ni hukohuko. Mtandao ukikata, foleni inasimama.

Dawa ya mafundi wengi ni kuunganisha swichi mbili au tatu kwa waya maalumu, zifanye kazi kama moja. Moja inakuwa kiongozi, nyingine iko standbai. Kiongozi akizima, ya akiba inashika usukani, mara nyingi ndani ya sekunde chache tu. Waya unatakiwa ufungwe mduara, swichi ya mwisho irudi kwa ya kwanza, ili ukikatika sehemu moja data izungukie upande wa pili. Bila mduara, waya ukikatika kundi linagawanyika, na kila upande unaweza kujiona ndio bosi. Anwani zinagongana, mtandao unayumba. Kusema kweli, hapo bora hata uzimike kabisa, angalau utajua tatizo liko wapi.

Ila swichi ni sehemu rahisi. Kama zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, TANESCO wakikata zinakufa zote. Kama laini ya intaneti imeingia kwenye swichi ya juu peke yake, siku hiyo ikiungua, ya pili itarithi uongozi wa nyumba isiyo na mlango. Laini mbili zichomekwe kwenye swichi tofauti. Na kusasisha programu kusifanyike saa za kazi, maana mara nyingi kundi zima huwaka upya.

Nje ya ofisi ndiko kwenye kazi. Lami ya Mombo–Soni–Lushoto, kama kilomita 32, imekata ubavu wa mlima, na mvua kubwa huishushia mawe na tope. Ikifunga, magari yanaweza kuzungukia Bumbuli mpaka Korogwe. Je, data nayo ina Bumbuli yake? Ofisi inayolipia kampuni mbili iziulize: nyaya zenu zinapanda kwa njia gani, na minara yenu inategemea nini umeme ukikatika? Kampuni mbili zinaweza kukodi mkongo mmoja.

Duka la mbogamboga halihitaji yote haya, laini mbili za simu zinatosha. Hospitali ni habari nyingine: njia ya pili ni gharama, lakini iwe ya pili kweli, kwa mfano ya mawimbi ya redio kama ya kwanza ni mkongo.

Kupima ni bure. Jumamosi jioni, fundi akiwepo, chomoa umeme wa swichi kiongozi, kisha irudishe na uchomoe laini kuu ya intaneti. Halafu jaribu kufungua mfumo wa mapokezi.