Duka la Klabu Limfuate Mpenzi Alipo

Mtu apitaye mjini Sumbawanga siku ya Jumapili, saa ya watu kutoka kanisani, hana haja ya kuuliza ni timu zipi zipendwazo katika nchi ya Ufipa. Kijana wa bodaboda amevaa kijani na njano. Mwuza nyanya aliye jirani yake amevaa nyekundu na nyeupe, nao wanataniana tangu asubuhi. Ukienda Laela, Matai au Namanyere utakuta hali ni ile ile. Klabu mbili za Dar es Salaam, Yanga na Simba, zina raia wake hata katika vijiji ambavyo wachezaji wake hawajapata kuvikanyaga.

Twalifurahia jambo hilo, kwa maana watu wasio na mapenzi na kitu chochote ni watu maskini. Lakini kila jezi ionekanayo barabarani ni fedha iliyotoka mfukoni mwa mtu. Mkulima ameuza mahindi au maharage yake. Karani, mwalimu, utingo na mpagazi wametoa katika ujira wao. Twauliza leo swali moja: fedha hiyo imefika wapi? Je, imefika kwa klabu ambayo mwenye kuvaa ameikusudia, au imeishia kwa mtu aliyenakili nembo isiyokuwa yake, kisha akaketi kivulini akihesabu faida?

Zamani mpenzi aliisaidia timu yake kwa ada ya uanachama na kwa kiingilio cha mlangoni. Ndivyo zilivyoishi kwa miaka mingi Yanga, iliyoundwa mwaka 1935, na Simba, iliyozaliwa mwaka 1936 na kuitwa Sunderland kabla ya kuchukua jina lake la leo mwaka 1971. Biashara ya kuwauzia wapenzi mavazi yafananayo na ya wachezaji ilikuja baadaye, nayo ilipata nguvu kutoka ng'ambo. Huko Uingereza kampuni ya Admiral, ya mji wa Leicester, ilipatana na klabu ya Leeds United mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapatana na timu ya taifa ya nchi hiyo. Tangu siku hizo jezi, ambayo hapo kwanza ilikuwa vazi la kazi la mchezaji, ikawa bidhaa ambayo kila mtoto humlilia baba yake.

Kwetu biashara hiyo imekua kwa haraka. Mwaka 2021 Simba ilitia saini mkataba wa miaka miwili na Vunja Bei wenye thamani ya shilingi bilioni 2. Mwaka 2025 klabu hiyo hiyo ilitangaza mkataba wa miaka mitano na kampuni ya Jayrutty wenye thamani ya shilingi bilioni 38. Yanga nayo imeshirikiana kwa miaka kadhaa na makampuni ya GSM katika jezi zake. Hizi ni fedha ambazo wazee waliochanga senti kwa senti hawakupata kuziota.

Yafaa kila mpenzi afahamu jinsi mikataba ya namna hii iendavyo. Mfanya biashara huiahidi klabu fedha, naye hupewa haki ya peke yake ya kutengeneza na kuuza vitu vyenye nembo yake: jezi, kofia, skafu, bendera, vikombe, mikoba na kadhalika. Kisha huirudisha fedha yake kwa kuuza jezi moja moja, leo kwa mwalimu, kesho kwa mvuvi. Kwa hiyo mabilioni hayo, ukiyachambua, ni shilingi za makabwela zilizokusanywa mahali pamoja. Mfanya biashara ametangulia kuzitoa tu. Mlipaji wa kweli ni mpenzi.

Jezi ya bandia hukata mnyororo huo. Yeye aliyeichapa hakumlipa mchezaji hata senti moja, hakununua mpira, wala hakumpeleka kijana yeyote katika kambi ya mazoezi. Na mkataba ukifika mwisho, mfanya biashara aliyepata hasara atarudi mezani na kima kidogo, na wa kwanza kukosa watakuwa ni vijana wa timu ya pili. Hapo ndipo mpenzi, aliyedhani ameipamba timu yake, atakuwa ameipunguzia chakula pasipo kujua.

Walakini hatutaki kumbebesha mpenzi wa Ufipa kosa lisilo lake. Kutoka Kariakoo hadi Sumbawanga ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Lami iliyofika kutoka Tunduma imepunguza taabu ya njia, lakini haikufuta gharama zake. Jezi halisi hutoka kwa mwenye mkataba, ikapita kwa mwenye duka la jumla, kwa mchukuzi, kwa mwenye duka la rejareja, na kila mkono huongeza chake. Ile ya bandia hupita katika barabara ile ile, maana barabara haina macho, nayo huuzwa kwa bei ambayo mtu wa kibarua anaiweza. Mtu aliye na watoto wanne, kila mmoja akitaka jezi kabla ya shule kufunguliwa, atanunua ipi? Wahenga walisema kwamba rahisi ni ghali, na ni kweli, kwa kuwa jezi ya bandia aghalabu hupauka na kuachia mishono kabla ya msimu kwisha. Lakini methali haimpi mtu fedha ambayo hana.

Liko pia jambo la hali ya nchi yenyewe. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai upepo wake huuma, na watu hutembea wamejifunika makoti na mablanketi. Jezi nyepesi iliyofikiriwa kwa joto la Dar es Salaam humfaa mtu wa hapa kwa saa chache za mchana tu. Sweta zito lenye nembo ya klabu, koti la mvua au kofia ya sufu ya kufunika masikio vingemfaa zaidi, na angevinunua kwa moyo. Muuzaji asiyemjua mteja wake humwuzia kile alichonacho, na mteja akienda kwa mwingine asimlaumu.

Katika jambo la nguo, tena, Wafipa si watu wa kufundishwa thamani yake. Wasafiri waliopita katika nchi hii karne ya 19 waliandika juu ya nguo za pamba zilizofumwa hapa kwa mikono, pamba yenyewe ikilimwa bondeni karibu na Ziwa Rukwa. Wahunzi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu kuliko kimo cha mtu, ziitwazo malungu, na majembe yao yaliuzwa hata nje ya nchi yao. Kisha zikaja nguo za ng'ambo, merikani na nyinginezo, kwa wingi na kwa bei nafuu, na ufumaji ukafifia hata ukaisha. Twalikumbusha hili kwa sababu watu waliokwisha kuona jinsi bidhaa ya bei rahisi iwezavyo kuua kazi ya mikono yao wataelewa upesi jinsi jezi ya bandia iwezavyo kuidhoofisha klabu.

Sheria tunayo. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kuzikamata bidhaa za bandia. Twaomba sheria hiyo itumike kwa hekima. Kijana atembezaye jezi kumi begani katika stendi ya mabasi si mwenye mali. Ni mtu anayetafuta mlo wa siku. Mwenye mali ni yule aliyeagiza makasha kwa mamia, akalipia nembo ichapwe huku akijua kwamba hana ruhusa. Ukimnyang'anya kijana mzigo wake na kumwacha mwagizaji katika ghala lake, umekata majani na kuacha mzizi.

Wala tusidhani kwamba bidhaa ikiwa halisi basi haki imekwisha kutendeka. Mwenye haki ya kuuza peke yake aweza naye kumkamua mnunuzi. Huko huko Uingereza, mwaka 2003, ofisi ya serikali iliyosimamia haki katika biashara ilitoza makampuni na vyama 10 faini ya zaidi ya pauni milioni 18, kwa kosa la kupatana bei za jezi ili mpenzi asipate mahali pa kununua kwa nafuu. Mmoja wa waliotozwa ilikuwa klabu ya Manchester United yenyewe. Yaani klabu, ambayo mpenzi aliimbia na kuililia, ilikutwa imeketi meza moja na wale waliokuwa wakimpunja. Hatusemi kwamba viongozi wa klabu zetu wanafanya hivyo. Twasema kwamba mapenzi yasifanywe kuwa kitambaa cha kumfunga mpenzi macho.

Basi yapasa kutenda nini? Kwanza, klabu na wenye mikataba yao waweke mawakala wanaojulikana katika kila mkoa, na jina la wakala na mahali alipo litangazwe, ili mtu wa Rukwa ajue mlango wa kugonga. Pili, bei itangazwe kwa nchi nzima kabla jezi haijatoka ghalani, na gharama ya uchukuzi igawanywe kwa wote, asiibebe peke yake yule aliye mbali. Mtu wa Sumbawanga haipendi timu yake kwa nusu, wala isiwe kwamba mapenzi yake yanatozwa ushuru wa umbali. Tatu, iwepo fulana halali ya bei ndogo, yenye nembo na alama ya uhalisi, kwa ajili ya mtoto na mtu wa kibarua. Faida ndogo katika fulana nyingi ni fedha nyingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, majira yaangaliwe. Jezi mpya aghalabu hutoka Julai na Agosti, kabla ya ligi kuanza. Hiyo ndiyo miezi ambayo mkulima wa Ufipa amekwisha kuvuna mahindi na ana fedha mkononi. Jezi ikifika huku Novemba, wakati fedha imekwisha kuingia katika mbegu na mbolea, wakala atakaa na mzigo wake hadi upauke. Tena siku kubwa za mpira zisiachwe zipite bure. Tarehe 22 Oktoba 2020 Tanzania Prisons, iliyokuwa ikiutumia uwanja wa Nelson Mandela wa Sumbawanga kama uwanja wake wa nyumbani, iliifunga Simba bao 1 kwa 0 mbele ya watu wa mji huu. Siku ya namna hiyo meza ya klabu, yenye bidhaa halali na stakabadhi, yapaswa kuwa imesimama langoni tangu asubuhi.

Tano, wanachama waambiwe hesabu. Katika mkutano mkuu wa mwaka viongozi waseme ni jezi ngapi zilizouzwa, klabu ilipata kiasi gani, na fedha hiyo ilitumika kwa kazi gani. Wanachama wa Simba walipokubali mabadiliko ya klabu yao, waliambiwa kwamba sehemu ya 51 katika kila 100 itabaki kuwa yao. Mwenye mali hufichwaje hesabu ya mali yake? Mpenzi akiona kwamba jezi yake imejenga bweni au imemlipa mwalimu wa vijana, hutahitaji askari wa kumzuia asinunue ya bandia. Atajizuia mwenyewe.

Neno letu la mwisho tunalielekeza kwa watu wa Rukwa wenyewe. Tumezoea kuzipenda timu za mbali hata tumezisahau zile zinazocheza vumbini karibu na nyumba zetu. Vijana wa mkoa huu hucheza ligi ya mkoa kwa viatu vya kuazimana, na jezi zao hukusanywa baada ya mchezo ili zifuliwe kwa ajili ya wengine. Mafundi cherehani tunao Sumbawanga. Wachapaji wa fulana si watu wa kutafutwa kwa taa. Timu ya wilaya ikichagua rangi zake, ikashona fulana 100 na kuwauzia majirani zake kwa bei ya haki, itapata nauli ya kwenda kucheza, mipira na dawa za majeruhi, na fundi wa hapa hapa atapata ujira. Duka la klabu si lazima liwe jumba la vioo. Laweza kuanza kwa meza moja, daftari moja na mtu mmoja mwaminifu.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Viongozi wa Msimbazi na Jangwani wamfuate mpenzi wao hata juu ya uwanda wa Ufipa, wamletee kitu halali kwa bei ya haki na wampe hesabu. Naye mpenzi, akiisha kuipamba timu yake ya mbali, akumbuke kumtunza na yule kijana wa jirani achezaye peku. Huenda siku moja jina la kijana huyo likaandikwa mgongoni mwa jezi ambayo nchi nzima itaitafuta.