Vumbi Juu ya Motokaa



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni kuifuta motokaa vumbi katika zile siku zilizo baina ya kuoshwa na kuoshwa tena. Huenda mtu akacheka na kusema, "Je, hili nalo lahitaji kufundishwa? Si kuchukua kitambaa na kufuta tu?" Twajibu kwamba kitambaa hicho ndicho kilichotufanya tushike kalamu.

Tulikuwa Kwaluguru, wilayani Handeni, wakati wa kiangazi. Mwenyeji wetu, mzee wa makamo, alikuwa na motokaa ndogo aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, kwa fedha za mavuno ya miaka kadhaa. Ndiyo iliyompeleka mkewe hospitali na mazao yake sokoni. Kwa kuwa maji hayapatikani kwa wepesi, alimkataza kijana wake kuioshea motokaa maji ya nyumbani. Kijana akatii. Kila asubuhi baada ya sala, umande ungali juu ya bati, alichukua kipande cha shuka kikuukuu na kuisugua kwa nguvu mpaka ing'ae.

Baada ya miezi michache mng'ao ulipotea. Ukiitazama juani uliona mistari myembamba isiyo na idadi, imezunguka kama utando wa buibui. Mzee akaghadhibika, akasema, "Wewe umeisugua kwa mchanga!" Kijana akajibu kwa unyenyekevu, "Hapana, baba, sikutumia mchanga hata siku moja." Tulipoulizwa shauri letu, tulisema kwamba wote wawili wana haki. Kijana hakuchukua mchanga kwa mkono wake, walakini mchanga ndio uliokwaruza.

Yafaa tujue vumbi ni kitu gani. Udongo wa pande za Handeni na Korogwe umetokana na miamba ya kale iliyomong'onyoka kwa muda mrefu mno. Wekundu wake ni wa kutu ya chuma iliyomo ndani yake, na pamoja na kutu hiyo zimo chembe za jiwe liitwalo kwatzi, ambalo ndilo asili ya mchanga mwingi. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alitunga kipimo cha ugumu wa mawe, tangu 1 mpaka 10. Almasi ikapewa 10, na kwatzi ikapewa 7. Kioo cha kawaida kina kiasi cha 5 na nusu. Rangi ya motokaa ni laini kuliko kioo, na lile tabaka la vanishi lililo juu yake, ambalo ndilo linalong'aa, ni jembamba kuliko unywele wa mtu.

Basi vumbi ni mawe madogo. Likitulia juu ya bati halidhuru kitu kwa siku mbili tatu. Linalodhuru ni lile linalokandamizwa kwa kitambaa na kuburutwa. Na umande ndio unaozidisha ubaya, kwa sababu huyageuza mavumbi kuwa tope zito, na maji yake ni machache hayatoshi kuliondoa. Kijana wetu alichagua saa iliyo mbaya kuliko zote, akidhani ndiyo bora.

Je, ifanyweje? Kwanza, tazama kiasi cha vumbi kabla ya kugusa. Likiwa ni ukungu mwepesi tu, kama lile linalotua juu ya motokaa iliyolala uani, laweza kufutwa. Likiwa jingi hata mtoto aweza kuandika jina lake kwa kidole, hilo halifutwi kavu. Hilo lataka maji. Na hapa twawaomba wadogo zetu watusikilize: kuandika kwa kidole juu ya gari la watu si mchezo. Kidole hicho huzisukuma chembe, na jina hubaki limechorwa hata baada ya gari kuoshwa. Mwenye gari hukuta jina la mkosaji limeandikwa na mkosaji mwenyewe!

Pili, iweke motokaa kivulini, bati lake likiwa baridi na kavu kabisa. Umande ukiwapo, ngoja mpaka ukauke.

Tatu, chagua chombo. Kinachofaa ni ufutio wenye nyuzi ndefu laini za pamba uliotengenezwa kwa kazi hii, ama kitambaa kinene chenye manyoya laini, cha namna iitwayo maikrofaiba. Nyuzi ndefu hulipokea vumbi ndani yake, zikaliweka mbali na rangi. Kitambaa chembamba hakina mahali pa kuliweka, hulibana tu baina yake na bati. Usitumie shuka kuukuu wala kanga yenye pindo lililoshonwa, kwani uzi wa pindo hukwaruza. Ufagio wa chelewa usiukaribishe kabisa. Na mkonge, ijapokuwa Korogwe ni nchi yake tangu mmea huo ulipoletwa pwani yetu na Richard Hindorf mwaka 1893, nyuzi zake ni ngumu: brashi ya mkonge ni ya kusugulia magurudumu, si rangi.

Nne, anza juu, ushuke chini: kwanza paa, kisha boneti na buti, kisha milango. Upitishe ufutio kwa mstari mmoja ulionyooka, bila kuzungusha, wala usiukandamize. Uzito wake wenyewe watosha. Baada ya kila mapito machache uondoke kando, uukung'ute. Ukianguka chini, usiurudishe juu ya gari siku hiyo mpaka uoshwe na kukauka. Sehemu ya chini ya milango na nyuma ya magurudumu ziache, maana huko vumbi huchanganyika na mchanga mkubwa na tope lililorushwa barabarani.

Tano, unapokung'uta, tazama upepo waelekea wapi. Vumbi lako lisiingie katika chungu cha jirani, wala katika kifua cha mtoto mwenye pumu. Jifunge kitambaa puani. Haifai tutakase mali yetu kwa kumchafulia mwenzetu.

Kuna na mambo yasiyofutwa kavu hata yakiwa madogo: kinyesi cha ndege, utomvu wa miti, na tope lililokauka. Hayo huwekewa kitambaa kilichoroweshwa kwa maji, yakaachwa mpaka yalainike, ndipo yakaondolewa polepole. Tena wapo wanaopaka dizeli au mafuta ya taa ili gari lipate kung'aa. Hung'aa kweli, kwa siku moja. Kisha mafuta yale hulishika kila vumbi lipitalo, na siku ya pili gari huwa chafu kuliko lilivyokuwa.

Sasa tuje kwenye neno la maji, maana ndilo lililoanzisha ugomvi wa baba na mwana. Shida ya maji ya Handeni si ngeni. Mradi mkubwa wa kuyaleta huko maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, ujulikanao kwa jina la HTM, ulijengwa katika miaka ya 1970, na hata leo ziko nyumba ambazo mama na binti hutoka alfajiri na madumu yao. Mzee alikuwa na haki kuyalinda maji hayo. Si uungwana maji yaliyobebwa kichwani yamwagwe juu ya gurudumu ilhali mtungi wa nyumbani u mkavu. Walakini kati ya kumwaga madumu matano na kusugua kavu iko njia ya tatu.

Njia hiyo yahitaji ndoo moja ya lita 20, iliyogawanywa katika vyombo viwili. Chota kwa kopo kutoka chombo cha kwanza, uyamimine maji taratibu tangu juu, yashuke na vumbi. Utaona wekundu ukitiririka. Maji huziinua chembe na kuzichukua, jambo ambalo kitambaa kikavu hakiwezi. Kisha ukilowesha kitambaa laini, upitishe sehemu moja baada ya nyingine, na kila mara ukisuuze katika chombo cha pili, ukiacha mchanga utuame chini bila kuuvuruga. Maji ya kufulia yaliyobaki na sabuni ya unga yasitumike juu ya rangi, kwani sabuni kali huondoa nta inayoilinda. Hayo yatumie kwa magurudumu.

Na kama hata ndoo hiyo haipatikani? Hapa ndipo penye neno letu kubwa. Acha bati lenye vumbi likae na vumbi lake mpaka maji yapatikane, na maji machache uliyonayo uyatumie kwa vioo, taa, vioo vya pembeni na namba za gari. Bati chafu halijamuua mtu. Kioo kichafu kimeua. Anayetoka Handeni kuelekea Kilindi wakati wa alasiri hulikabili jua usoni. Miale ikipiga juu ya kioo chenye vumbi, kioo chote hugeuka pazia jeupe, na mtoto atokaye shule kando ya barabara haonekani mpaka awe karibu mno. Usiku nazo, taa zilizofunikwa na vumbi hazifiki mbali, na taa za nyuma hazionekani na anayekufuata ndani ya wingu la vumbi ulilolitimua mwenyewe.

Basi kabla ya safari, mwagia kioo kikombe kimoja cha maji, ukifute kwa kitambaa safi, nje na ndani. Usiwashe vifuta kioo juu ya vumbi kavu. Mpira wake huburuta zile chembe za kwatzi, na kioo nacho, kama tulivyosema, ni laini kuliko hizo. Futa pia mpira wenyewe. Wenye pikipiki nao wasidhani kwamba haya hayawahusu. Taa yao ni moja tu.

Tulipomweleza mzee haya, alinyamaza kidogo, kisha akamwambia kijana wake, "Mwanangu, mimi nilikukataza maji, sikukufundisha la kufanya badala yake. Kosa ni letu sote." Kijana akasema, "Nami, baba, nilipaswa kuuliza." Mistari ile haikuondoka. Fundi aweza kuipunguza kwa kung'arisha, lakini kila ming'arisho huondoa sehemu ya lile tabaka jembamba, nalo halirudi. Hata hivyo asubuhi ya pili tulipoondoka, tulimwona kijana amesimama mbele ya motokaa na kikombe cha maji mkononi, anasafisha kioo.

Vijana wetu, bidii ni jambo jema, nasi twaipenda. Lakini bidii isiyo na maarifa humchosha mwenyewe na kuharibu mali ya mzazi. Kuuliza si ujinga. Nanyi wazazi, mnapokataza jambo, onyesheni na njia iliyo bora.

Mpaka mwezi ujao, Inshallah. Wassalaam.