MANENO YETU: Kuuliza si Ujasusi

Tuseme leo mgeni anafika kijijini kwetu, hapa Singida. Ana kalamu na daftari. Anaingia katika shamba la alizeti. Anachota udongo na kuutia katika mfuko. Kisha anauliza, "Hapa mnavuna magunia mangapi?"

Watoto wanakimbia nyumbani. Mmoja anasema, "Kaja mpelelezi!" Mwingine anasema, "Si mpelelezi, ni jasusi!" Jirani anasikia, naye anaongeza lake.

Je, mgeni huyu ni nani? Kabla ya kumpa jina, tujifunze majina yenyewe. Yanakaribiana, lakini maana yake si moja.

MPELELEZI. Neno hili linatokana na peleleza. Kupeleleza ni kutafuta habari za jambo kidogo kidogo mpaka ukweli ujulikane. Ng'ombe wakiibwa, polisi hufanya upelelezi. Hufuata nyayo, huuliza watu, hutafuta ushahidi wa kupeleka mahakamani. Askari wa kazi hii mara nyingi havai sare. Zamani watu walimwita askari kanzu. Wengine humwita kachero.

JASUSI. Neno hili lilitoka katika Kiarabu. Jasusi hutafuta siri za nchi nyingine, hasa siri za jeshi. Huzipeleka kwa wale waliomtuma. Historia yetu ina mfano. Mwaka 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya vita ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilijificha Rufiji, mahali mto unapoingia baharini. Waingereza walimtuma mwindaji mmoja aitwaye Pretorius aitafute kwa siri. Aliiona ilipo, akachunguza na njia za maji. Julai 1915 meli hiyo ikaangamizwa. Kwa Waingereza mtu huyo alikuwa shujaa. Kwa Wajerumani alikuwa jasusi.

SHUSHUSHU. Hili ni neno la mitaani. Watu humwita hivyo mtumishi wa Usalama wa Taifa, idara inayolinda nchi yetu dhidi ya majasusi na hatari nyingine.

MDUKUZI. Kudukiza ni kusikiliza kwa siri maneno ya watu. Siku hizi tuna pia neno mdukuzi. Huyu huingia kwa siri katika simu au kompyuta ya mtu mwingine. Kwa hiyo usimtajie mtu namba ya siri ya simu yako ya kutumia fedha.

MBEA. Huyu hutafuta habari za nyumba za watu ili azitangaze kisimani na kilabuni. Hakutumwa na serikali yoyote. Ametumwa na ulimi wake.

MTAFITI. Huyu hutafuta elimu. Huuliza wazi, mchana, naye hutaja jina lake na kazi yake. Akipima udongo, anataka kujua mbegu gani itafaa na mbolea gani inahitajika. Karani wa sensa naye huuliza wazi. Agosti 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza idadi ya watu. Hawakuwa majasusi. Serikali ilitaka kujua hesabu ya watu wake ili ipange shule, zahanati na maji.

Ndugu msomaji, kwa nini tunatenganisha maneno haya? Kwa sababu jina baya linaweza kuua.

Oktoba 2016, katika mkoa jirani wa Dodoma, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili na dereva wao walifika kijiji cha Iringa Mvumi. Walitoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha. Kazi yao ilikuwa utafiti wa udongo. Ukazuka uvumi kuwa wao ni mumiani, yaani wanyonya damu. Wanakijiji wakawashambulia. Wote watatu wakauawa, na gari lao likachomwa moto. Watu waliokuja kumsaidia mkulima walikufa kwa neno la uongo.

Basi tufanye nini tukimwona mgeni tusiyemjua? Kukaa macho ni vizuri. Lakini kuna utaratibu wake:

1. Msalimu. Muulize jina lake, atokako na kazi yake.

2. Mwombe barua ya utambulisho. Wewe unajua kusoma sasa. Isome mwenyewe. Tazama jina, tarehe, sahihi na mhuri.

3. Mpeleke kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji.

4. Kama bado kuna mashaka, viongozi wawaite polisi. Kupeleleza ni kazi yao.

5. Usipige yowe kwa jambo usilolijua. Yowe likishatoka halirudi.

Wazee walisema, kuuliza si ujinga. Nasi tuongeze: kuuliza si ujasusi.

ZOEZI. Jaza neno linalofaa: mbea, jasusi, mtafiti, mpelelezi.

(a) Polisi walimleta ______ kutafuta mbuzi walioibwa.
(b) ______ alipima udongo wa shamba letu.
(c) ______ aliuza siri za jeshi kwa nchi nyingine.
(d) ______ alitangaza kisimani ugomvi wa jirani yake.

Majibu: (a) mpelelezi (b) mtafiti (c) jasusi (d) mbea.

Msomee na jirani yako ambaye bado anajifunza.